Siku Niliyosikia Watu Wakicheka Msibani Kwangu

Vijana wangu mnaoshika usukani, shikamoo zenu nimezipokea, marahabani. Mmeniuliza mara nyingi pale maegesho ya malori kama ni kweli niliwahi kuwekewa msiba nikiwa hai. Kila mara nimewajibu kwa mkato, maana nyie mlikuwa na haraka na mimi nilikuwa na chai mkononi. Sasa nimestaafu, chai ninayo kutwa nzima, na haraka sina. Basi leo nawaambia yote, ila mnivumilie nikizunguka, kwa sababu barabara ya habari hii haijanyooka.

Hamtaelewa habari ya kombora lililonifanya nidhaniwe maiti kabla hamjamjua Kondo. Kondo ni Mzaramo, fundi wa magari makubwa. Alikuja Tabora akiwa kijana, akafungua gereji pale Gongoni, akaoa, akazeekea hapa. Mimi ni Mnyamwezi wa Itetemia. Wale mliozaliwa juzi mnadhani utani ni kurushiana maneno tu, sikilizeni vizuri. Babu zetu walibeba mizigo ya watu kwa miguu kutoka huku mpaka pwani, na kwa Wazaramo ndiko walikofika wakiwa hoi, wengine wakaugulia huko, wengine wakazikwa huko. Ndipo utani ulipozaliwa. Mzaramo ananiambia lolote lile na mimi siruhusiwi kununa. Nikifa, yeye haji kulia, anakuja kuharibu kilio. Anavaa kofia ya marehemu, anaiga anavyotembea, analala njiani jeneza lisipite, mpaka mjane mwenyewe acheke. Na huku anafanya hivyo, ndiye anayechota maji na kupasua kuni kuliko ndugu wa damu.

Kila nilipoingiza lori gereji kwake alikuwa akipiga kelele mtaa mzima usikie.

"Mpagazi amefika! Mpeni maji kabla hajaanguka na mzigo wa watu!"

"Acha kucheza ngoma wewe, fungua boneti," nami namjibu.

Hayo ndiyo maamkizi yetu ya miaka yote. Lakini kwenye kazi Kondo hakuwa na mchezo. Kwake dereva hakai nje akinywa soda wakati gari linatengenezwa. Unavua shati, unashuka naye kwenye shimo lililo chini ya gari, unashika taa. Alikuwa akisema ukimwacha fundi peke yake chini ya gari lako, ubovu utakuja kuujua mlimani. Nilikuwa naona ni uchokozi wake tu, maana nikitoka mle shimoni Zuhura, mke wangu, alikuwa ananikataza kukalia kiti chochote cha nyumbani. Lakini tabia ikanikaa, na mpaka nastaafu sijawahi kumwachia fundi gari langu nikaenda zangu.

Mwalimu wangu wa udereva hasa alikuwa Mzee Mabula, Msukuma wa Lusu, mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Huyo hakunifundisha kwa maneno. Nilipokuwa mgeni kazini, siku moja tunashuka mlima Sekenke nikatia nyutro, gari lishuke lenyewe bila gia, ili kubana dizeli, kama nilivyoona wajanja wanafanya. Mzee Mabula alivuta breki ya mkono taratibu, akaniambia nishuke, akakalia usukani yeye, akashusha lori kwa gia ya chini polepole, na mimi nikitembea nyuma yake kwa miguu mlima mzima na jua lile. Tulipofika bondeni akanifungulia mlango.

"Umeuona urefu wake?" akaniuliza.

Nilikuwa nimeuona. Sijatia nyutro tena mteremkoni maisha yangu yote, na nyie mnaofanya hivyo mjue kwamba nawasikia mkipita.

Mzee huyohuyo ndiye aliyenizoesha kutoa maji kwenye mitungi ya upepo wa breki kila asubuhi kabla ya kuwasha gari. Siku hizi mna taa nyekundu kwenye dashibodi, mnangoja taa iwaambie. Sisi tulikuwa tunavuta kamba ya mtungi, maji yanatoka na uchafu wake, ndipo tunakunywa chai. Ukiniuliza mimi, taa ni nzuri na kamba ni nzuri. Tumieni vyote.

Sasa tuje kwenye safari yenyewe. Si zamani sana, wengi wenu mlikuwa mmeshaanza kazi. Nilipakia mchele Nzega, nikapita Kahama, nikavuka nchi moja na kuingia ya pili, kwenda mji mmoja uliokaa mpakani kabisa, mji ambao ukivuka barabara tu uko kwa watu wengine. Sitautaja jina. Nina marafiki bado wanaishi pale na vita haijawaishia. Utingo wangu nilimwacha Kahama akiwa na homa kali, na nashukuru Mungu kwa homa ile.

Vita tulikuwa tunaijua. Watu wa mji ule walikuwa wanaitaja kama sisi tunavyotaja mvua, iko kule mlimani, leo imesogea, leo imerudi. Sokoni watu walikuwa wanauza, watoto walikuwa shuleni. Nami nilikuwa nimepeleka mzigo pale mara nyingi na kurudi salama, kwa hiyo nilijipa moyo kwamba na safari hii itapita.

Nilifika asubuhi, nikaliegesha lori kwenye yadi ya kushushia. Breki zilikuwa zinavuja upepo tangu jana yake. Nikafungua vali iliyokuwa mbovu, nikavuka barabara nayo mkononi kumtafuta fundi. Gereji ilikuwa ya mtu nisiyemjua, kijana mpole. Shimo lake lilikuwa wazi, halina gari juu, na meza yake ya vifaa aliiweka mlemle ndani kwa sababu kuna ubaridi. Akaichukua vali, akashuka, akaniambia nikae kwenye benchi ningoje.

Mtu mwingine angekaa. Mimi nikavua shati, nikashuka shimoni kushika taa.

Wapo wanaosema kombora likija unasikia mluzi. Mimi sikusikia mluzi wowote. Nilichosikia ni ardhi kuruka, meno yangu yakagongana, taa ikazimika, halafu mabati ya paa yakaanza kushuka juu ya shimo moja baada ya jingine. Vumbi likajaa kooni. Yule fundi alikuwa amenishika mguu, na mimi nilikuwa nimeshika kichwa chake, na wote wawili tulikuwa tunapiga kelele bila kusikiana. Tulipoyasukuma yale mabati na kutoka, lile benchi aliloniambia nikae halikuwepo, na ukuta uliokuwa nyuma yake haukuwepo.

Yadi ya ng'ambo ilikuwa inawaka. Kulikuwa na watu mle waliokuwa wakishusha magunia. Nilichokiona sitawasimulia, na nyie msiniulize mkikutana nami. Nitasema tu kwamba mpaka leo mchele ukiungua kidogo jikoni, natoka nje.

Simu yangu ilikuwa kwenye lori. Pasi ya kusafiria, pesa, nguo, kila kitu kilikuwa kwenye lori. Nikaondoka na suruali tu mwilini, na ile vali ya breki niliyoiokota shimoni iko mkononi, nikafuata umati uliokuwa unakimbilia mpakani. Walinzi wa upande wa pili walikuwa wameacha kuuliza karatasi, wanasukuma watu wapite. Nikajikuta nimeketi kwenye uwanja wa kanisa, katikati ya akina mama na magodoro yao, nakohoa moshi, sauti imenikauka imekuwa kama ya mbuzi.

Kumbe wakati huo nyumbani tayari nilikuwa marehemu. Kuna mtu alipiga picha za yadi ile inavyoungua, zikazagaa kwenye makundi ya simu. Mlango wa nyuma wa lori langu ulikuwa umeandikwa kwa rangi nyekundu MPAGAZI HACHOKI, maneno aliyoyaandika Kondo kwa mkono wake kunikejeli. Ulionekana vizuri tu, umelala chini katikati ya moto. Tabora nzima ilikuwa inalijua lori lile. Walinipigia simu, haiiti. Wakampigia mwenye gari, naye akawaambia nilikuwa nimeshafika yadi. Basi kufikia jioni turubai lilishafungwa uani kwangu Itetemia, mikeka imetandikwa, na Zuhura ameshafunikwa kanga tayari kukaa eda.

Mama yangu, Bi Nyamizi, alikuwa hai wakati huo, mzee sana, mtu wa presha. Alikuwa anaishi kwa vidonge vya asubuhi na jioni. Alipoambiwa, hakulia. Alikaa chini akaegemea ukuta, akakataa chakula, akakataa maji, na vidonge akavisukuma. Zuhura alimbembeleza, binti zangu wakambembeleza. Akawaambia, "Vya nini? Ninamngojea nani?" Mganga wa zahanati alikuja akampima, akamwambia kaka yangu mkubwa, Ramadhani, kwamba akiendelea hivyo hata siku chache hatazifikisha.

Mimi sikujua hilo. Lakini namjua mama yangu, na pale uwanjani kilichokuwa kinanitafuna hakikuwa lori. Nilikuwa nawaza jambo moja tu, habari kwamba niko hai zimfikie mama kabla habari za moto hazijamuua.

Mkononi mwa kila mtu pale kulikuwa na simu. Na mimi, vijana, namba ya mke wangu nilikuwa siijui. Namba za wanangu nilikuwa sizijui. Ya kaka yangu siijui. Zote zilikuwa zinakaa kwenye simu, na simu imeshakuwa majivu. Nilikaa usiku ule na asubuhi yake nikipekua kichwa changu chote, nikapata namba moja tu. Ilikuwa imeandikwa kwa rangi ya bluu kwenye geti la gereji ya Gongoni, namba kubwa kama milango, na nilikuwa nimekaa naitazama miaka na miaka nikingoja magari. Namba ya Kondo. Tangu siku ile kila dereva niliyemfundisha nimemlazimisha kuijua namba ya nyumbani kwake kwa kichwa, na asiyeijua simpi ufunguo.

Ilikuwa alasiri, na mama mmoja alikuwa anagawa uji pembeni kwa sufuria kubwa. Nikamwomba simu kwa ile sauti yangu ya mbuzi. Akanitazama.

"Hebu sema tena," akaniambia.

"Naomba simu, mama. Nataka kuwajulisha nyumbani."

"Wewe ni wa Tabora!" akasema. "Mimi nimekulia Ulyankulu, kambi ya wakimbizi ya kwenu. Nimesomea kulekule, nimebatizwa kulekule. Shika hii, baba, ila vocha imebaki kidogo."

Alikuwa anaitwa Mama Consolata, Mrundi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu hasa. Nikabonyeza namba za geti. Ikaita. Kondo akapokea.

Hapa lazima niwarudishe nyuma kidogo, nieleze Kondo alikuwa amefanya nini. Siku ya kwanza ya msiba aliingia uani kwangu amevaa kofia yangu kuukuu, ameshika mfuniko wa sufuria kama usukani, anapiga honi kwa mdomo. Akazunguka waombolezaji wote, akawapitia watu miguuni, akapiga breki mbele ya mama yangu. Akatoa simu mbovu mfukoni akajifanya anaongea na mimi. "Halo, Mrisho! Uko wapi? Ahaa, bado unabeba mzigo? Sawa, nitawaambia." Akawageukia watu akawatangazia kwamba nimesema sijafa, Mnyamwezi hafi na mzigo wa mtu kichwani, anautua kwanza. Wanasema watu walicheka mpaka wakashikilia nguzo za turubai. Hata Zuhura alicheka ndani ya kanga. Mama peke yake hakucheka. Kondo alifanya kazi yake barabara, vile utani unavyotaka, na hakuna wa kumlaumu.

Sasa kesho yake nikapiga mimi.

"Kondo," nikasema, "ni mimi Mrisho. Niko hai."

Nikamsikia anapumua.

"Sema jina la gari bovu kuliko yote uliyowahi kuniletea," akasema.

"Yote yalikuwa mazima, wewe ndiye ulikuwa unayaharibu."

Akapiga ukelele ambao Mama Consolata aliusikia kule kwenye sufuria yake. Nikamwambia akimbie kwa mama, asikate simu, akimbie. Nikamsikia anakimbia, viatu vyake vinagonga, pikipiki ikawashwa, upepo ukavuma kwenye simu. Halafu nikasikia sauti za watu wengi, na sauti yake juu ya zote.

"Yuko hai! Jamani, Mrisho yuko hai! Huyu hapa kwenye simu!"

Nyumba nzima ikaangua kicheko.

Nimeendesha magari maisha yangu yote, nimepita kwenye mafuriko, nimelala porini na simba. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kusikia kicheko kile. Nilikuwa nakohoa na kupiga kelele, "Ni kweli! Ni mimi!" na wao wanazidi kucheka. Kondo akampa simu kaka yangu Ramadhani.

"Shikamoo kaka, ni mimi Mrisho," nikasema.

"Kondo," nikamsikia kaka anasema kando, kwa upole, "umemtoa wapi huyu mzee mwenye sauti ya kukwaruza? Hata kumwiga hajui."

Na kwa mbali nikamsikia mama yangu. Sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa.

"Kondo mwanangu. Umetuchekesha vya kutosha. Sasa nipumzishe."

Hapo vocha ikaisha.

Maduka yote ya karibu yalikuwa yamefungwa kwa hofu. Mama Consolata alizunguka uwanja mzima kuniombea simu nyingine, nyingi zilikuwa zimezima chaji, nyingine hazina salio. Nilikaa chini, nikaiweka ile vali ya breki mbele yangu, nikalia. Nililia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Nimeokoka kwenye moto, nimepata namba, nimepata simu, nimempata mtu, na mtu mwenyewe ndiye pekee Tabora nzima ambaye haaminiki msibani.

Yaliyotokea uani kwangu nilisimuliwa na Zuhura. Simu ikiwa bado kwa Ramadhani, Kondo alisimama akaapa kwa Mungu, watu wakacheka. Akaapa kwa kaburi la mama yake, wakamrushia kandambili. Akamwendea Ramadhani, akamshika mabega, Ramadhani akamsukuma kwa kicheko akamwambia nenda kapasue kuni. Kila alichokisema kilikuwa kizuri zaidi kuliko cha jana, na watu walikuwa wanampongeza. Akatazama huku na huku, Zuhura anasema, kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake.

Halafu akaivua ile kofia yangu. Akaketi mkekani miguuni pa mama yangu, akajaribu kusema neno, likagoma. Akaanza kulia. Hakulia kwa kuiga, hakupaza sauti, machozi yalikuwa yanamwagika tu na mabega yanamtikisika, na pua inamtoka bila kufuta. Mzaramo, analia kwenye msiba wa Mnyamwezi, mbele ya watu wote.

Kicheko kikakatika chenyewe. Akina mama walionyanyua vikombe vya chai wakavishusha. Hakuna aliyewahi kuona kitu kile, wala aliyejua afanye nini. Mama yangu alimtazama muda mrefu. Akanyoosha mkono wake uliokuwa umedhoofu akamshika kidevu, akamwinua uso.

"Kumbe ni kweli," mama akasema. "Kondo, kumbe ni kweli?"

Kondo akatikisa kichwa kukubali. Ndipo Zuhura akaitupa ile kanga akapiga kigelegele ambacho wanasema kilifika barabarani.

Leo ukimuuliza Kondo atakuambia alilia kwa uchungu, kwa sababu alishanizoea nikiwa maiti mkimya. Mwacheni aseme. Nimeshamshukuru mara moja, akanitukana, tukaishia hapo.

Kule uwanjani mimi sikujua chochote. Jua lilikuwa limeshainama ile simu ya Mama Consolata ilipoita mkononi mwangu. Ilikuwa namba ya geti. Nikapokea, nikasikia watu wengi wanapumua, na mtu mmoja anawaambia wanyamaze.

"Mrisho," mama yangu akasema.

"Naam, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nimemeza vidonge. Wewe umekula?"

Mama Consolata alikuwa amesimama karibu, ameshasikia, akanijazia kikombe cha uji akanipa.

"Bado, mama," nikasema. "Ndiyo napewa uji."

"Basi kula. Mimi sikati simu mpaka nikusikie."

Nikala. Uji ulikuwa wa moto, nikawa naupuliza na kuunywa kwa kelele kama mtoto mdogo, simu nimeibana begani, na upande wa pili watu wote wa msiba wangu wamekaa kimya mikekani, wananisikiliza nikimeza.